Kauli Moja au Kura za Usiku Kucha?

Ndani ya siku tano za Januari 2025, vyama viwili vikubwa vya Tanzania viliwaita wajumbe wao. Chama Cha Mapinduzi kilikaa Dodoma tarehe 18 na 19, katika Ukumbi wa Jakaya Kikwete. Tarehe 21 CHADEMA ikaingia Mlimani City, Dar es Salaam, na alfajiri ya tarehe 22 watu walikuwa bado wanasubiri matokeo. Dodoma walitoka na mgombea urais ambaye hakushindanishwa na mtu. Mlimani walitoka na mwenyekiti mpya, aliyemwangusha mwenyekiti aliyekuwa kitini tangu 2004.

Kumbi mbili, mavazi mawili, midundo miwili. Upi ulikuwa mkutano mkuu hasa?

Mjadala wa swali hilo tumeupeleka Mwera, wilaya ya Pangani, kusini mwa mto Pangani, kwenye mashamba ya mkonge na minazi. Wasemaji watano ni wa kubuni, na tumewaita kwa shughuli zao. Hoja zao ndizo zinazosikika barazani tangu Januari ile. Viongozi wanaotajwa, tarehe na hesabu za kura ni za kweli. Hoja iliyowekwa mezani ni hii: Mkutano mkuu wa utulivu na kauli moja hujenga chama kuliko mkutano wa mabishano na kura za usiku kucha.

Sauti ya ukumbi

MWALIMU MSTAAFU (anaongoza mjadala): Hoja mmeisikia. Kila mtu aseme aliloliona, si alilosimuliwa. Mzee, anza wewe, umri unakuruhusu.

MZEE WA MKONGE: Ahsante, Mwalimu. Mimi naiunga mkono, na sioni haya kusema. TANU niliingia kijana. Mwaka 1977, TANU na ASP zilipoungana, nikarudisha kadi ile nikapewa hii. Januari nilikaa mbele ya televisheni siku zote mbili. Nikaona mjumbe wa Kagera na mjumbe wa Micheweni wamevaa shati moja, kijani na njano, ukumbi mzima. Taarifa ya ilani inasomwa: barabara, shule, visima, vituo vya afya. Makofi. Bendi. Anashuka msemaji, anapanda mwingine, hakuna anayemkata mwenzake kauli. Stephen Wasira akapigiwa kura ya makamu mwenyekiti Bara, akapata 1,910 kati ya 1,921. Hicho ni chama kinachojua kinakokwenda. Anayeshika dola hana ruhusa ya kugombana mbele ya kamera. Akipiga chafya, mwenye mtaji anasikia, askari anasikia, jirani anasikia.

KIJANA WA BODABODA: Shikamoo, babu. Mimi napinga. Usiku wa Mlimani nilinunua bando, tukakaa kijiweni na wenzangu tukiangalia kwa zamu, anayesinzia anaamshwa. Bendi haikuwa na kazi usiku ule. Palikuwa na masanduku ya kura, na Profesa Raymond Mosha akisimamia uchaguzi. Kumekucha, hesabu ikasomwa: Tundu Lissu 513, Freeman Mbowe 482, Odero Charles Odero kura moja. Tatu zimeharibika. Babu, hebu fikiri hiyo kura moja. Mtu kapata kura moja, na imesomwa kwa jina lake, nchi nzima inasikia. Hakuna aliyesema tuiunganishe na za wengi ili tutoke na kauli moja.

MAMA MUUZA VITUMBUA: Nami nilikuwa nawatafuta wale kumi na mmoja wa Dodoma.

MZEE WA MKONGE: Kumi na mmoja wepi?

MAMA MUUZA VITUMBUA: Si umesema mwenyewe, 1,910 kati ya 1,921? Waliobaki ni kumi na mmoja ambao hawakumpa Wasira ndiyo. Mie ni mwanachama wa UWT, jumuiya ya wanawake wa CCM, kadi yangu hai, kanga zangu za chama zimejaa sanduku. Lakini wallahi ningependa kukaa na mmojawapo wa hao nimuulize: mwenzangu, uliona nini? Yule wa Odero sauti yake imepewa mlango wa kutokea. Hawa kumi na mmoja wamemezwa na asilimia.

NAHODHA: Huenda kalamu ziliteleza tu.

MAMA MUUZA VITUMBUA: Huenda. Ila chama kikipenda kauli moja, kila anayekataa huonekana kalamu imemteleza.

MWALIMU MSTAAFU: Twende kwenye sauti yenyewe. Mama, wewe ndiye unayejua nyimbo.

MAMA MUUZA VITUMBUA: Hapo sasa. CCM kwa burudani haishindwi, tuseme ukweli. Kile chama kilianza kuimba kabla ya vyama vingine kuzaliwa. Enzi za bendi ya TOT ya Kapteni John Komba, na Khadija Kopa akishika kipaza sauti, mtu uliweza kwenda mkutanoni hata kama siasa huijui. Na sie watu wa Pangani taarabu tunaijua, Shakila ni wa hapa hapa. Ngoma ukumbini ina kazi yake: mtu aliyetoka Mwera amesafiri siku nzima kwa basi, akiingia akakuta anaimbiwa, anajiona wa maana. CHADEMA Januari ile hawakuwa na muda wa hayo. Walikuwa na mipasho, lakini mipasho bila kinanda! Wiki nyingi kabla ya mkutano ni kurushiana maneno mitandaoni: huyu kanunuliwa, yule chawa, yule anatumia fedha. Mtu mzima ukisoma unainamisha kichwa.

KIJANA WA BODABODA: Hilo nakubali, mama. Kuna yaliyoandikwa ambayo hata mimi niliona yamevuka mpaka. Lakini tofautisha kijiwe na ukumbi. Siku ya kura, watu waliokuwa wakitukanana walipanga foleni moja. Na Mbowe alimpongeza Lissu kwenye ukurasa wake hata kabla msimamizi hajamaliza kutangaza. Matusi yalikuwa ya kampeni, pongezi zilikuwa za mkutano.

Harusi na ridhaa

MZEE WA MKONGE: Kijana wangu, mnasema kama vile Dodoma hawakuamua. Waliamua. Mkutano mkuu wa CCM ni kama harusi. Posa imeshakwenda, wazee wameshazungumza, mahari imekubaliwa. Siku ya harusi hamwendi kuulizana nani amuoe nani, mnakwenda kushuhudia na kushangilia. Mambo ya ndani yamemalizwa ndani: Kamati Kuu, Halmashauri Kuu. Ndiyo adabu.

MAMA MUUZA VITUMBUA: Mzee wangu, umeingia kwangu. Harusi nimepikia nyingi mno. Hata posa ikiwa imekwenda, hata pilau ikiwa jikoni, sheikh haozeshi mpaka ridhaa ya binti itafutwe. Watu wanatumwa chumbani, anaulizwa, na walioko nje wanasubiri jibu. Jibu hilo lingeweza kuwa hapana. Dodoma, aliyetumwa chumbani ni nani?

MZEE WA MKONGE: Wajumbe wenyewe ndio walioliibua. Jina la Rais Samia halikuletwa na meza kuu. Wajumbe walisimama wakasema hatuna haja ya kungoja, tumpitishe sasa, na Dk. Hussein Mwinyi kwa Zanzibar. Azimio likasomwa, likapigiwa kura. Emmanuel Nchimbi akatajwa kuwa mgombea mwenza. Ridhaa gani tena mnayoitaka?

KIJANA WA BODABODA: Babu, mkutano ule uliitwa kupokea taarifa na kumchagua makamu mwenyekiti. Uteuzi wa mgombea urais ulizuka humo ndani. Mwaka wa uchaguzi CCM ina desturi: katikati ya mwaka, watu wanachukua fomu, wanatafuta wadhamini mikoani, majina yanachujwa. Mwanachama aliyetaka kuchukua fomu mwezi wa sita alikuta Januari mlango umeshafungwa. Kada mmoja wa Kilimanjaro, Dk. Godfrey Malisa, alipohoji utaratibu huo, Februari akafukuzwa uanachama. Mama anauliza nani alitumwa chumbani. Mimi nasema aliyejituma mwenyewe alitolewa nje ya nyumba.

MZEE WA MKONGE: Rais aliyeko madarakani hapingwi kwa muhula wa pili. Mkapa mwaka 2000, Kikwete 2010, Magufuli 2020. Ni utamaduni wa chama.

KIJANA WA BODABODA: Na mwaka 2020 Bernard Membe alipoonekana ana nia ya kuuvunja utamaduni huo, akafukuzwa Februari, miezi kabla ya fomu. Utamaduni usiojaribiwa na mtu unalindwa na nini, babu? Na heshima, au na hofu?

MWALIMU MSTAAFU: Nawasimamisha hapo kidogo. Mzee ana jambo ambalo kijana analiruka. Duniani mikutano mingi mikuu ni maonyesho. Marekani, ambako wanarusha maputo na kupungia bendera, mara ya mwisho chama kikubwa kuhitaji zaidi ya duru moja ya kura mkutanoni ilikuwa mwaka 1952, Democrats walipomteua Adlai Stevenson katika duru ya tatu. Tangu hapo wajumbe hufika jina likijulikana. Mwaka 2024 Kamala Harris alithibitishwa kwa kura za mtandaoni kabla wajumbe hawajafika Chicago.

MZEE WA MKONGE: Mmesikia!

MWALIMU MSTAAFU: Sijamaliza, mzee. Jina hujulikana kwa sababu, kwa kawaida, miezi kabla yake wanachama majimboni wameshapiga kura kwa mamilioni, na walioshindwa wameshashindwa hadharani. Maonyesho yanakuja baada ya ushindani. Kwa hiyo sherehe ukumbini si kosa. Swali ni kama ushindani ulifanyika mahali fulani kabla ya sherehe.

MZEE WA MKONGE: Basi na mimi niulize la kwangu. Agosti 2015, Mlimani City hiyo hiyo, CHADEMA ilimpitisha nani kugombea urais?

KIJANA WA BODABODA: Edward Lowassa.

MZEE WA MKONGE: Aliingia CHADEMA lini?

KIJANA WA BODABODA: Mwishoni mwa Julai.

MZEE WA MKONGE: Mwishoni mwa Julai! Tarehe 4 Agosti wajumbe wanashangilia. Kwa miaka mingi walikuwa wakizunguka nchi wakimwita fisadi. Nani alishindana naye? Katibu mkuu wenu, Dk. Willibrod Slaa, akajiweka kando, na Septemba mosi akatangaza kuachana na siasa za vyama. Msijifanye watakatifu. Nanyi mmeoza bila kumuuliza binti.

KIJANA WA BODABODA: (anacheka) Babu, hapo umenipata. Mwaka ule nilikuwa bado shule, lakini sitautetea.

NAHODHA: Na mgombea mwenza wake, Juma Duni Haji, alikuwa wetu sisi wa CUF. Tuliwaazima.

Aliyeshindwa anakwenda wapi?

MWALIMU MSTAAFU: Nahodha umekaa kimya muda mrefu.

NAHODHA: Nilikuwa nawasikiliza mnavyogawana nchi vyama viwili. Mkoa huu una historia yake. Mwaka 2015 jimbo la Tanga Mjini tulilichukua sisi, CUF, si hao wenye gwanda. Sasa niwaambie kuhusu mkutano wa mabishano, maana sisi tuliuonja. Profesa Lipumba alijiuzulu uenyekiti Agosti 2015, hakupendezwa na Lowassa kuletwa. Mwaka uliofuata akaandika kwamba anarudi. Tarehe 21 Agosti 2016 tukaitana Ubungo, hoteli ya Blue Pearl, kuamua. Mkutano ukavunjika kwa vurugu. Baada ya hapo msajili wa vyama akamtambua Lipumba, katibu mkuu wetu Maalim Seif akawa na kundi lake, kesi mahakamani miaka. Mwaka 2019 Maalim akahamia ACT-Wazalendo, na msemo ukawa shusha tanga, pandisha tanga. Mimi nahodha, naujua uzito wa kushusha tanga katikati ya safari. Kwa hiyo kijana, kubishana peke yake hakukupi chama. Kunaweza kukuondolea ulichonacho.

MZEE WA MKONGE: Ndicho ninachosema tangu mwanzo.

NAHODHA: Usishangilie mapema, kaka. Mwaka 2002 nilikuwa nasafirisha nazi na mbao Mombasa. Oktoba 14, Rais Moi wa Kenya aliwaita wajumbe wa chama chake, KANU, Kasarani, Uhuru Kenyatta akapitishwa bila zogo, kauli moja kama unayoitaka wewe. Siku hiyo hiyo waliokuwa na kinyongo, Raila Odinga na wenzake, walikuwa Uhuru Park na umati wao, na Raila akamnyanyulia mkono Kibaki. Bandarini redio zote zilikuwa zimefunguliwa. Desemba KANU ikaanguka, baada ya miaka karibu arobaini. Kasarani palikuwa patulivu kwa sababu wagomvi walikuwa wameshaondoka.

MWALIMU MSTAAFU: Naona sasa mjadala umefika mahali pake. Tumekuwa tukipima kelele na utulivu, na mifano inatukimbia pande zote. CUF walipiga kelele, wakagawanyika. KANU walitulia, wakagawanyika. Tuache sauti. Tumtazame mtu mmoja tu: aliyeshindwa. Baada ya mkutano kwisha, anakwenda wapi?

MAMA MUUZA VITUMBUA: Asiyekubali kushindwa si mshindani.

MWALIMU MSTAAFU: Msemo huo tunamwambia aliyeshindwa peke yake. Mimi nataka tumwambie na aliyeshinda, na chama chenyewe: mmemwachia wapi pa kukubali? Nianze na CCM ya zamani, ambayo vijana hawaijui. Julai 1995, Chimwaga, Dodoma. Mwalimu Nyerere yumo ukumbini. Wagombea watatu mbele ya wajumbe. Duru ya kwanza: Jakaya Kikwete 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyepata nusu. Duru ya pili Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ni kura 47. Aliyeongoza duru ya kwanza ameshindwa. Kikwete alikuwa na umri wa miaka 44, angeweza kununa na kuhama. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umesharudi, milango iko wazi. Alibaki, akawa waziri wa mambo ya nje chini ya mtu aliyemshinda. Mwaka 2005 akarudi mbele ya wajumbe, akamshinda Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Salim naye hakuhama.

KIJANA WA BODABODA: Kumbe CCM imewahi kupiga kura ya roho juu?

MZEE WA MKONGE: Imewahi, tena sana! Mimi mwaka ule sikulala. Tulikuwa na redio moja kambini, watu wamejazana kama siku ya mshahara.

MWALIMU MSTAAFU: Basi mzee, utulivu unaousifu ulijengwa na mkutano wa aina ile unayoikataa. Sasa 2015. Lowassa, akiwa bado CCM, hakufika mbele ya mkutano mkuu. Jina lilikatwa kwenye vikao vya juu. Kwenye Halmashauri Kuu wajumbe wakamwimbia Lowassa mbele ya mwenyekiti wao. Mkutano mkuu ukapata majina matatu: John Magufuli, Balozi Amina Salum Ali, Dk. Asha-Rose Migiro. Magufuli akashinda kwa kura 2,104. Ukumbini shwari. Ila mwenye nguvu hakushindwa kwa kura, alizuiwa mlangoni, na kabla mwezi haujaisha alikuwa upinzani, akauletea chama ushindani mkali kuliko wowote kilichowahi kuupata tangu 1995.

NAHODHA: Hata Kikwete angekatwa mlangoni 1995, huenda tungempata sisi.

MWALIMU MSTAAFU: Huenda. Mbali kidogo, kwa ndugu zao CCM wa Afrika Kusini: Polokwane, Desemba 2007, wajumbe wa ANC waliimba, wakazomea, wakaonyesha kwa mikono ishara ya mpira kwamba mchezaji abadilishwe. Jacob Zuma 2,329, Rais Thabo Mbeki 1,505. Miezi tisa baadaye chama kikamwondoa Mbeki urais kabla ya muda wake. Baadhi ya watu wa upande wa Mbeki wakaunda chama chao. Kura zilihesabiwa vizuri kabisa. Kilichokosekana ni subira ya mshindi.

MZEE WA MKONGE: Na Mlimani, Mwalimu? Usiiruke.

MWALIMU MSTAAFU: Siiruki. Lissu alishinda kwa kura 31. Mbowe akapongeza, akabaki mwanachama. Hapo wamefaulu mtihani ambao CUF waliufeli. Lakini Mei 2025 kundi kubwa la viongozi lililojulikana kama G-55, waliopishana na uongozi mpya juu ya msimamo wa kutoshiriki uchaguzi bila mageuzi, likaondoka. Wengi wakaenda CHAUMMA, na Salum Mwalimu, aliyekuwa naibu katibu mkuu CHADEMA, akawa mgombea urais wa huko. Nusu ya ukumbi ilishindwa usiku ule. Nusu ya ukumbi ni watu wengi mno kuwaacha bila kazi.

KIJANA WA BODABODA: Mwalimu, kuna lingine la kupima hapo. Aprili Lissu alikamatwa Mbinga, akashtakiwa kwa uhaini. Siku chache baadaye Tume ya Uchaguzi ikasema chama kimejiondoa kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Uongozi mpya haukupata hata miezi mitatu ya kukaa na walioshindwa. Ni vigumu kuponya nyumba huku unavunjiwa mlango.

MZEE WA MKONGE: Hata hivyo, kwenye karatasi ya kura ya Oktoba 29 hamkuwepo. Demokrasia yenu ya usiku kucha imezaa nini?

KIJANA WA BODABODA: Imezaa hili, babu: najua Mbowe alipata 482. Mpaka leo najua kuna wanachama 482 waliotaka njia nyingine, na Lissu anajua. Kwenu nani anajua wangapi wangetaka jina jingine? Hata mwenyekiti wenu hajui. Anaongoza watu ambao hawajawahi kuruhusiwa kumwambia idadi yao.

Kabla ya Dodoma, kabla ya Mlimani

MAMA MUUZA VITUMBUA: Sasa niseme langu, maana mnapenda kuzungumzia kumbi zenye viyoyozi. Mjumbe wa mkutano mkuu haanguki kutoka mbinguni. Anachaguliwa wilayani. Wa wilayani katoka kata, wa kata katoka tawi, na tawi limetoka shina, huku kwa balozi wangu. Ninajua jinsi huku inavyokwenda. Anakuja mtu usiku, ana kanga, ana fedha kidogo ya sabuni, ana karatasi ya majina yaliyokwisha kupangwa. Anasema mama, sisi ni wamoja, tusigawanyike. Kesho yake tunanyoosha mikono. Mtu aliyechaguliwa hivyo, akifika Dodoma, atajuaje kusema hapana? Hajawahi kuona ikisemwa.

KIJANA WA BODABODA: Na kwetu kuna wanaoletwa kwa nauli ya mgombea, nisifiche. Mtu kalipiwa basi na chumba, kura yake imeshapanda basi kabla yake.

NAHODHA: ACT mwaka 2024 walifanya jambo dogo ambalo halikupigiwa kelele. Zitto Kabwe muda wake wa uongozi ulikwisha kwa mujibu wa katiba ya chama, akaondoka, Dorothy Semu akachaguliwa kiongozi wa chama, na Zitto akabaki mwanachama. Mlimani City hiyo hiyo. Hakuna ugomvi, hakuna kauli ya kulazimisha. Tarehe ya kuondoka ilikuwa imeandikwa, basi.

MZEE WA MKONGE: Hilo la tarehe nalikubali. Hata mkongwe akijua siku yake, hashikilii kiti kwa meno.

MWALIMU MSTAAFU: Mzee, bado unaiunga mkono hoja?

MZEE WA MKONGE: Nusu. Utulivu naupenda, sitadanganya. Siku ya mkutano mkuu nataka bendi, nataka mashati, sitaki kumwona waziri akizomewa. Lakini mkinikumbusha Chimwaga, siwezi kusema chama kilidhoofika mwaka ule. Tulitoka pale tukiwa na nguvu kuliko tulivyoingia, na tulikuwa tumepishana kura 47 tu.

KIJANA WA BODABODA: Nami naipinga nusu. Kura za usiku kucha nitazitaka siku zote. Lakini kesho yake asubuhi, kabla hata mshindi hajalala, ningetaka amwite mtu wa zile 482 ampe jukumu lenye uzito, si salamu.

MWALIMU MSTAAFU: Basi sitaipigia kura hoja hii, kwa sababu imeandikwa vibaya. Mwaka 1958, Tabora, TANU ilikaa Januari kuamua kama ishiriki uchaguzi wa wakoloni wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walifika wakiwa wamekataa. Nyerere hakuwa na jeshi wala ruzuku. Alikuwa na maneno tu, akayatumia mpaka wakageuka. Tunauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakugeuka, akaondoka kuunda chama chake, na miaka minne baadaye akagombea urais dhidi ya Nyerere huyo huyo. Ukumbi mmoja ule ulikuwa na mabishano na ulikuwa na kauli ya pamoja, na kimoja kilitangulia kingine. Kauli moja ni kitu kizuri inapokuwa tunda la mabishano. Inapowekwa mahali pa mabishano, ubaoni huandikwa umoja, na nyuma ya ubao watu wanahesabiana. Mavazi, bendi, mipasho, maputo, hayo ni ladha ya kila chama na kila mtu achague. Kipimo ni kama mjumbe aliingia ukumbini akiwa na jambo la kuamua, na kama aliyeshindwa alitoka akiwa na kazi ya kufanya ndani ya chama kile kile.

MAMA MUUZA VITUMBUA: Mwalimu, umesema vizuri, ila kipimo hicho usikiweke Dodoma. CCM ilichagua viongozi wake wa ndani mwaka 2022, na kwa miaka mitano mitano uchaguzi unarudi 2027, kuanzia shina. Siku ile balozi wangu akija na karatasi ya majina yaliyopangwa, mie nitachukua fomu. Huenda nikapata kura moja kama Odero. Isomwe.